Gundi ya Fimbo Kumi na Mbili

Gundi ilianza kumwishia Pasca alipofika fimbo ya saba. Aliligeuza kopo, akaligonga kwenye ukingo wa benchi, akaingiza kijiti na kukwangua pembeni, na alichokipata kingetosha fimbo moja, au mbili akijibana sana. Mbele yake zilikuwa zimebaki sita, kila moja ikiwa vipande viwili: cha juu cha mti mweupe mwepesi, cha chini cha mvule mzito wa kushikia, na katikati kigingi cha kuviunganisha. Zilikuwa fimbo za puli, ule mchezo wa kugonga mipira ya rangi juu ya meza ya kitambaa cha kijani. Mwenye kuziagiza, Sulaiti, alikuwa na baa Koboko, na alizitaka Jumamosi asubuhi kwa ajili ya mashindano. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mumewe, fundi Obitre, alikuwa matangani Ombaci, kwa mjomba wake. Kabla ya kuondoka alisema mara tatu kwamba kopo lile linatosha. Juma zima alikuwa hana habari nyingine ila gundi. Kila aliyepita mbele ya karakana yake pale Pajulu alisimamishwa akahubiriwa. Gundi ya viatu haikauki ikawa ngumu, alisema, fimbo italegea kiunoni. Ile ya matone inashika upesi lakini ni kama kioo, ukiitikisa inapasuka. Ile ya tyubu mbili za kuchanganya ni ya watu wa vyuma, na bei yake ni ya watu wa vyuma vilevile. Mti kwa mti unataka gundi nyeupe ya seremala, safi, isiyoonja maji, halafu ufungwe kwa mipira ya tyubu ya baiskeli usiku na mchana. "Kopo moja, fimbo kumi na mbili," alimalizia. "Nimepima."

Alikuwa amepima vibaya.

Maduka ya Arua mjini yalikuwa na makopo tele, lakini hela zote za nyumba zilikwenda matangani pamoja na mwenye nyumba. Pasca aliishika simu, akaiweka chini. Miaka kumi iliyopita alithubutu kumwambia Obitre kwamba mlango wa jiko aliokuwa akiutengeneza umepungua vidole viwili. Obitre hakula siku mbili. Mlango ukatundikwa hivyo hivyo, na mpaka leo kuku hupita chini yake bila kuinama.

Simu ikalia yenyewe.

"Gundi imetosha?" Obitre aliuliza. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba.

"Imetosha, Baba Patience."

"Nilikuambia."

Basi Pasca akachukua unga wa muhogo, akapika uji mzito, akauchuja kwa kitambaa mpaka ukawa laini, akauchanganya na ile gundi iliyobaki. Fimbo sita zikapata. Ijumaa asubuhi alizifungua, akaikunja moja gotini taratibu, ikatulia. Tofauti ilikuwa ndogo: kwenye kiungo palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Alipaka vanishi mara mbili. Mstari ukafifia, ila ukijua pa kutazama ulikuwa bado unauona.

Jioni Obitre alirudi, akapitisha dole gumba kwenye viungo vyote kumi na viwili, akasema, "Umefanya vizuri." Hayakuwa maneno ya kila siku nyumbani mwake. Pasca aliyapokea kama mtu aliyepewa chenji ya mwenzake.

Wiki tatu baadaye Sulaiti alipiga simu. Obitre akaiweka kwenye sauti kubwa, kwa sababu aliona ni simu ya sifa, na Sulaiti alikuwa amemdokezea kazi ya milango yote ya loji yake mpya.

"Mzee, njoo Koboko Jumanne. Mutu moja amepiga mutu mwingine kichwa na fimbo yako."

"Sasa mimi nimempiga nani?"

"Hapana wewe. Fimbo. Fimbo imeachana katikati. LC wa mtaa atakaa kwa kesi, na askari iko ndani. Na mimi pia nataka kujua ninyi mnaniuzia nini."

Obitre alikata simu, akasimama katikati ya karakana. Habari ya mtu kupigwa kichwani haikuwa imemfikia bado. "Imeachana?" alisema. "Fimbo yangu? Haiwezekani."

Pasca alisema angefuatana naye. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba ana shida ya vitenge, na Koboko vitenge ni nafuu.

Jumanne walifika mapema mno. Obitre aliingia ndani kuitafuta fimbo yake iliyovunjika, Pasca akabaki uani, ambako mwanamke mmoja mwembamba alikuwa amekaa juu ya kreti tupu na mtoto mgongoni. Alimsogelea Pasca na kikombe cha maji.

"Wewe bibi ya fundi?"

"Ndiyo."

"Mimi Emilia. Bibi ya Swaka, yule alipiga."

Swaka na mkewe walikuwa watu wa Sudan Kusini. Walivuka mpaka na godoro moja, na sasa Swaka aliuza makaa sokoni. Usiku ule alikuwa akicheza na dereva mmoja aitwaye Igga. Igga aliusogeza mpira mweupe kwa mkono, Swaka akaona, Igga akamwambia mkimbizi hana macho Uganda. Fimbo ilikuwa mkononi. Emilia aliyasimulia haya kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza bei ya kitu asichotaka kukiuza.

"Mama," akauliza, "mzee wako kazi yake iko nzuri sana?"

Pasca alikipokea kikombe. "Watu wanasema ni nzuri."

Emilia aliinamisha kichwa. "Basi," akasema. "Mungu ndiye anajua."

Kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye kivuli cha kutosha watu wote, baraza lilikaa ndani ya baa, na meza ya puli ikawa meza ya baraza. Mzee Candia, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, alitandika gazeti juu ya kitambaa cha kijani, akaweka daftari lake na muhuri, na kando yake, kama maiti iliyotenganishwa, vipande viwili vya fimbo. Igga alikaa kulia, kichwa kimefungwa bendeji nyeupe. Swaka alikaa kushoto, sakafuni, ingawa viti vilikuwepo.

Askari ndiye aliyeanza, na alizungumza wazi. "Mimi sina maneno mengi. Kama hii fimbo ni silaha ya kuua, huyu bwana anakwenda Arua na faili lake, na huko miaka ni mingi. Kama ni kijiti tu, mtamalizana ninyi wenyewe hapa kwa matibabu na kuombana radhi. Mwenyekiti, niambie ni silaha au ni kijiti."

"Ni silaha!" Igga aliruka, akajishika bendeji. "Bwana mwenyekiti, mimi nimepigwa na vitu vingi katika maisha. Nimepigwa na chupa, nimepigwa na mwiko. Hii fimbo iko namba moja. Nimeona nyota mchana, na ilikuwa usiku. Ni fundi kamili ametengeneza hii!"

Obitre, aliyekuwa amekaa kwa hasira, alijinyoosha kidogo kwenye kiti. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amsifu mbele ya umati.

"Fundi kamili gani?" alisema Sulaiti. "Ni takataka. Ona, imeachana hapa kwa kiungo, safi kabisa, hata mti haukuchanika. Mimi nimelipia fimbo kumi na mbili, nimepewa vijiti."

Swaka, ambaye hakuwa ameulizwa, aliinua macho. "Ni kweli, iko mbaya," alisema. "Mimi nilipiga kwa nguvu yote, mwenyekiti, siwezi kudanganya. Ikawa kama nimepiga na tawi la mpapai."

Watu wakacheka. Obitre akasimama.

"Mimi ni fundi miaka thelathini," alisema. "Gundi niliyotumia niliichagua mwenyewe na nikaipima mwenyewe. Kiungo changu hakiachii. Kama kimeachia, kililowekwa kwenye bia, au kiligongwa ukutani kwanza. Fimbo hii ilikuwa na nguvu ya kumuua huyu bwana, na ya kumuua mwingine baada yake!"

"Umesikia?" Igga alisema. "Mwenyewe anasema!"

Hivyo katika baa nzima watu wawili tu waliitetea fimbo ile, aliyeitengeneza na aliyepigwa nayo. Pasca alikuwa amekaa nyuma karibu na kaunta. Aliona askari anaandika neno katika daftari lake, na hakuhitaji kulisoma. Aliona Emilia mlangoni, anamhamisha mtoto kutoka mgongoni kwenda kifuani.

Mzee Candia alikuna kidevu. "Maneno hayataisha," alisema. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Sulaiti.

"Tupige moja tuone. Leta kitu kama kichwa."

Jikoni kulikuwa na boga. Likaletwa, likawekwa juu ya kiti, na Igga alilitazama kwa huruma. Halafu kukatokea ubishi nani achague fimbo. Sulaiti akichagua, Obitre alisema, ataleta iliyoharibika. Obitre akichagua, Sulaiti alisema, ataleta aliyoiwekea misumari. Igga alijitolea, wakamzomea.

"Achague mama yule," alisema Mzee Candia, akimwonyesha Pasca kwa kalamu. "Mwanamke hajui mambo ya mbao. Atachukua yoyote."

Obitre hakupinga. Aliona ni haki kabisa.

Fimbo zilikuwa zimesimama ukutani kwenye kibao chake. Pasca alizifikia, akanyoosha mkono, akaurudisha. Mstari mweupe aliuona kwenye ya pili, ya tatu, ya sita. Ya kwanza ilikuwa safi. Ilikuwa karibu zaidi na mkono wake, na akiishika ile, boga litapasuka, Obitre atatoka humu na jina lake na milango ya loji, na mwanamke wa mlangoni ataanza kuulizia nauli ya kwenda gerezani Arua. Nyuma yake alimsikia mumewe akimnong'oneza jirani, "Utaona sasa."

Akaitoa ya tatu, akampa askari.

Askari alikuwa mtu wa mabega. Aliinua fimbo kwa mikono miwili, akaishusha. Ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayevunja ganda la karanga. Kipande cha juu kiliruka mpaka nyuma ya kaunta, kikaangusha chupa mbili tupu. Boga lilibaki kitini, limebonyea kidogo upande mmoja.

Baa nzima ilinguruma. Swaka alifunika uso kwa mikono. "Kijiti," alisema askari, akafuta neno lake katika daftari.

Swaka aliamriwa kulipa matibabu na kumwomba Igga radhi, akamwomba palepale, kwa magoti. Igga alikubali radhi kwa uso wa mtu aliyeibiwa. Kisha Mzee Candia akamgeukia Obitre. Fimbo zote zitengenezwe upya bila malipo. Na kwa kuwa alikuwa amesema maneno makubwa, ayarudishe mbele ya watu.

Obitre alisimama. Alitazama kipande cha mvule mkononi mwa askari. "Kiungo..." alisema. "Kiungo hakikushika."

"Sauti, mzee."

"Hakikushika. Kazi ilikuwa mbaya."

Sulaiti aliandika namba ya fundi mwingine, wa milango, wakati Obitre bado amesimama.

Pasca alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hasira haikuja. Nyumbani Obitre alikula alichopewa bila kukitazama. Siku iliyofuata Pasca alimkuta karakanani akivuta miguu ya viti vya wateja kuona kama itatoka. Haikutoka. Siku ya tatu alikwenda kanisani, akainama chini ya mabenchi aliyoyatengeneza miaka ishirini nyuma, akayatikisa moja baada ya jingine, mpaka katekista akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Gundi ile ile," alimwambia Pasca jioni. "Mkono ule ule." Akautandaza mkono mezani, akautazama. "Labda ndio uzee. Mtu anazeeka kutokea vidoleni."

Kama angempiga, Pasca angejua la kufanya. Hili hakulijua. Alijilaza akamsikiliza mumewe akigeuka upande huu na upande ule, na kila alipotaka kufungua mdomo aliona tena lile boga kitini, na Emilia akimfunga mtoto mgongoni upya, haraka haraka, kabla watu hawajabadilisha mawazo.

Jumatatu Sulaiti alikuja Pajulu kwa pikipiki, na hakuja na ugomvi.

"Mzee," alisema, "nataka fimbo thelathini."

Obitre alifikiri anachezewa. Hakumkaribisha mgeni kukaa.

"Kweli. Wenye baa wote wa Koboko wamesikia. Kila wikendi watu wanapasuana vichwa, askari wanafunga baa, biashara inakufa. Sasa kuna fimbo ya kucheza vizuri, lakini ukimpiga mutu inaachana! Wanataka hiyo. Mimi nitawauzia. Lakini gundi iwe ile ile ya siku ile. Hapana kubadilisha."

"Ondoka," alisema Obitre.

"Mzee, nalipa nusu leo."

"Mimi ni fundi. Sitengenezi kitu ili kivunjike. Nitakupa zile kumi na mbili nilizoamriwa, kwa gundi safi, na hazitaachana hata uzitupe kutoka mnarani. Ukitaka takataka, Arua imejaa mafundi."

Sulaiti alimtazama Pasca kama mtu anayeomba mkalimani, akaacha namba yake ya simu juu ya benchi, akaondoka. Obitre alichukua randa, akaiweka.

Pasca alifunga mlango wa karakana kwa ndani. "Baba Patience. Gundi haikutosha."

"Gundi gani?"

"Ya fimbo za Koboko. Ilinipungukia kwenye ya saba. Nikapika uji wa muhogo, nikaongezea."

"Nilikuuliza kwa simu."

"Uliniuliza."

"Ukasema imetosha."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Pasca alikuwa ametayarisha majibu mengi ya upole. Yote yalimkimbia. "Kwa sababu ulipima vibaya," alisema, "na hakuna binadamu anayeweza kukuambia hivyo."

Nje mtu alipita akimpigia mluzi mbuzi wake. Obitre alikuwa bado na swali, na Pasca aliliona likija.

"Na ile uliyompa askari. Ulichukua yoyote?"

"Hapana. Niliijua."

"Ulinichagulia aibu, Mama Patience. Mbele ya Koboko nzima."

"Wewe ungerudi nyumbani. Yule asingerudi."

Obitre alikaa juu ya gogo. Alinyoosha vidole, akavikunja, akavinyoosha tena. "Kwa hiyo mkono wangu..." alisema.

"Mkono wako hauna kitu. Ni unga."

Obitre alifungua mlango akatoka, akazunguka nyumba kutwa kama mtu anayepima kiwanja. Pasca alihesabu siku mbili za njaa. Lakini jioni alirudi, akala, akakwangua chungu.

Asubuhi Obitre alimkuta mkewe jikoni. Alisimama mlangoni, ule uliopungua, na penseli sikioni.

"Unga vijiko vingapi?" aliuliza.

"Sikuhesabu."

"Hukuhesabu!" Sauti ilikuwa ya yule Obitre wa zamani. "Unachanganya gundi bila kuhesabu? Lete hiyo sufuria."

Alianza kazi kama mtu aliyepewa cheo. Alitengeneza viungo kumi vya majaribio, kila kimoja na kipimo chake, akaviandika namba, akavining'iniza vikauke. Chenye unga mwingi kiliachia kwa kugonga mpira tu. Chenye unga kidogo kiliua boga. Alinunua mengine sokoni, na kwa siku nane nyumba ile ilikula boga asubuhi na jioni. Kiungo kimoja kikiachia kabla ya wakati alikitupa kwa hasira. "Hii itaniaibisha," alisema. "Udhaifu wenyewe unataka ufundi." Siku ya tisa alikipata kipimo: mchezaji apige kwa nguvu zake zote, fimbo inatulia, ampige mwenzake, inaachana. Akampigia Sulaiti.

Sulaiti alipokuja kuchukua mzigo alileta na mwenye baa mwingine. Obitre aliwaeleza kwa nusu saa habari za gundi, jinsi alivyozijaribu zote, jinsi mawazo ya muhogo yalivyomjia baada ya tafakuri ndefu. Pasca alikuwa palepale akichuja uji. Hakuna aliyemtazama, na alijiambia kwamba hajali, na alikikamua kile kitambaa kwa nguvu mpaka kikachanika.

Mwezi uliofuata Igga alishuka kutoka kwenye gari lake mbele ya karakana. Bendeji ilikuwa imetoka, na kovu lilipita kutoka nywele mpaka karibu na jicho. Alimsalimu Pasca kwa heshima, akamwamkia fundi.

"Mzee, mimi nakuja kwa shida yangu mwenyewe. Zile fimbo za Koboko sasa ni za watoto. Mimi nataka moja, ya kwangu, nitembee nayo ndani ya gari. Lakini iwe ya kweli. Kama ile uliyosema siku ya kesi, ya kuua mutu na mwingine baada yake. Bei sema wewe."

Nyuma ya Obitre, juu ya rafu, kopo jipya la gundi nyeupe lilikuwa bado halijafunguliwa. Igga alikuwa akilitazama. Pasca aliacha kukoroga.

Obitre alipuliza maranda kwenye benchi.

"Gundi hiyo imekwisha," alisema.

"Na ile pale?"

"Haitoshi."

"Kopo zima haitoshi fimbo moja?" Igga alicheka, akamgeukia Pasca ili acheke naye, na Pasca hakucheka. "Fundi gani wewe hujui kupima gundi?"

Obitre aliishika randa. "Hivyo hivyo, mwanangu," alisema. "Napimaga vibaya."

Igga alirudi garini akinung'unika kwamba Pajulu hakuna mafundi tena, na alihakikisha majirani wamemsikia. Obitre alisubiri vumbi litulie, akapiga randa mara mbili tatu, kisha akamuuliza mkewe kama kuna chakula chochote ambacho si boga.